Hali tegemezi ya wakati uliopo katika Kihispania: njia ya Kiswahili na njia ya Kifaransa

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kongo anayeanza kujifunza Kihispania kwa kawaida hukiingia kupitia mlango wa Kifaransa. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi yetu, na vitabu vingi vya sarufi za lugha za kigeni alivyo navyo vimeandikwa kwa lugha hiyo. Isitoshe, Kifaransa na Kihispania ni ndugu, watoto wa Kilatini. Kwa hiyo huonekana kuwa jambo la busara kumfafanua ndugu mmoja kwa msaada wa mwingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika sura moja muhimu ya sarufi ya Kihispania, mlango huo si mzuri kuliko yote. Sura hiyo ni ile ya vitenzi vya kawaida katika hali tegemezi ya wakati uliopo, yaani hali ambayo sarufi za Kifaransa huiita «subjonctif». Mtu anayesema Kiswahili anayo tayari nyumbani kwake zana ya kuielewa, tena zana iliyo kali kuliko ile ya Kifaransa. Hata hivyo, zana hiyo inaweza kumkata mkono asipojua mipaka yake.

Ili msomaji aone kwamba jambo hili si la mapambo, tulinganishe sentensi mbili:

(1) Dice que llegan mañana.
(2) Dice que lleguen mañana.

Sentensi ya kwanza maana yake ni «Anasema kwamba wanafika kesho»; ya pili, «Anasema wafike kesho». Ya kwanza ni habari, ya pili ni agizo. Anayepokea habari hutayarisha chumba cha wageni. Anayepokea agizo hufunga mizigo yake mwenyewe. Tofauti yote hiyo imebebwa na irabu moja: «llegan» ina -a-, «lleguen» ina -e-. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yake hufanya vivyo hivyo: «wanafika», «wafike».

Tutaeleza kwanza umbo la vitenzi, kisha asili ya umbo hilo, tahajia yake, na matumizi yake. Mwishoni tutataja mitego miwili na kutoa pendekezo kwa walimu.

1. Umbo

Vitenzi vya Kihispania hugawanywa katika makundi matatu kufuatana na mwisho wa kitenzijina: -ar, -er na -ir. Kundi la -ar ndilo kubwa kupita yote, na vitenzi vipya vinavyozaliwa katika lugha huingia humo. Mifano yetu itakuwa «hablar» (kusema), «comer» (kula) na «vivir» (kuishi).

Kanuni ya kuunda hali tegemezi ni fupi. Chukua nafsi ya kwanza umoja ya hali ya kuarifu, wakati uliopo: «hablo», «como», «vivo». Ondoa -o ya mwisho. Kisha, kwa vitenzi vya -ar, tia viishio vyenye -e. Kwa vitenzi vya -er na -ir, tia viishio vyenye -a. Tunapata:

yo (mimi): hable, coma, viva
tú (wewe): hables, comas, vivas
él, ella, usted (yeye, wewe wa heshima): hable, coma, viva
nosotros (sisi): hablemos, comamos, vivamos
vosotros (ninyi): habléis, comáis, viváis
ellos, ustedes (wao, ninyi wa heshima): hablen, coman, vivan

Yafaa kukumbuka kwamba katika Amerika ya Kilatini umbo la «vosotros» halitumiki katika mazungumzo ya kila siku. «Ustedes» ndilo hutumika kwa «ninyi» wote, wa heshima na wa kawaida.

Tulinganishe sasa na hali ya kuarifu ya vitenzi hivyo: habla, come, vive. Kile kilichokuwa na -a kimepata -e. Kile kilichokuwa na -e kimepata -a. Irabu mbili zimebadilishana makao. Hicho ndicho kiini cha somo zima: hali tegemezi ya Kihispania haitambulikani kwa irabu fulani maalum, bali hutambulikana kwa irabu iliyohama. Msikilizaji Mhispania, anaposikia «hable», hujua kwamba kuna jambo kwa sababu kitenzi cha -ar hakikutazamiwa kuwa na -e mahali hapo.

Mambo mawili zaidi kuhusu umbo. Kwanza, nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu umoja zinafanana: «hable» yaweza kuwa «niseme» au «aseme». Kiswahili hakina utata huo, kwa kuwa hutaja nafsi mwanzoni mwa kitenzi, ilhali Kihispania huitaja mwishoni. Kwa hiyo Kihispania, ambacho mara nyingi huacha kiwakilishi cha nafsi, hulazimika wakati mwingine kukirudisha: «quiere que yo hable», «anataka niseme». Pili, mkazo wa maumbo hayo yote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili, isipokuwa umbo la «vosotros», ambalo kwa sababu hiyo huandikwa na alama ya mkazo: habléis, comáis, viváis.

2. Asili ya umbo

Mabadilishano hayo ya irabu hayakubuniwa na Wahispania. Yalikuwamo katika Kilatini. Kitenzi «amare» (kupenda) kilikuwa na «amat» katika hali ya kuarifu na «amet» katika hali tegemezi. «Vivere» (kuishi) kilikuwa na «vivit» na «vivat». Konsonanti -t ya mwisho ilipotoweka, Kihispania kilibaki na «ama» na «ame», «vive» na «viva». Lugha hiyo ilihifadhi irabu zake za mwisho kwa uaminifu, na pamoja nazo ikahifadhi tofauti ya hali mbili.

Kifaransa kilifuata njia nyingine. Irabu za mwisho zilififia. Nyingi zikatoweka kabisa, na -e moja isiyotamkwa ikaishia kuenea katika hali tegemezi ya vitenzi vya makundi yote. Matokeo yake twayajua sote: katika kundi kubwa la vitenzi vya Kifaransa, lile la -er, maumbo «je parle», «tu parles», «il parle», «ils parlent» ni yale yale katika hali zote mbili. Ni katika «nous parlions» na «vous parliez» tu ambapo tofauti huonekana, na hata maumbo hayo yanafanana na ya wakati uliopita. Kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa huweza kuandika *«quiero que hablas» bila kuhisi kosa lolote, maana katika «je veux que tu parles» hakuna kitu kinachomwonya kwamba kitenzi kimebadilika.

Kiswahili, kwa upande wake, kina -e ambayo haina udugu wowote na ile ya Kihispania. Ni urithi wa Kibantu. Irabu hiyo hupatikana katika lugha nyingi za familia yetu, na A. E. Meeussen, mtaalamu wa Ubelgiji, aliihesabu miongoni mwa viishio vya vitenzi vya Kibantu cha kale katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1967. Kufanana kwa «aseme» na «hable» ni jambo la bahati tu. Lakini bahati njema haikataliwi, na mwalimu mwenye hekima huitumia.

3. Tahajia

Vitenzi vingine ni vya kawaida kabisa kwa sikio, lakini kwa jicho huonekana kana kwamba vimebadilika. Sababu ni kwamba herufi c na g za Kihispania husomwa kwa namna mbili. Mbele ya a, o na u, c husomwa kama k yetu, na g kama g ya «gari». Mbele ya e na i, c husomwa kama th ya «thelathini» katika sehemu kubwa ya Uhispania, na kama s katika Amerika ya Kilatini. G nayo husomwa karibu na kh ya «kheri». Irabu inapohama kutoka -a kwenda -e, herufi lazima ibadilishwe ili sauti ibaki ile ile:

buscar (kutafuta): busco, busque
llegar (kufika): llego, llegue
cruzar (kuvuka): cruzo, cruce
averiguar (kuchunguza): averiguo, averigüe

Katika «llegue» herufi u haitamkwi. Kazi yake ni kuilinda g tu. Katika «averigüe» u hutamkwa, na vitone viwili vilivyo juu yake ndivyo vinavyotangaza hivyo. Katika «cruce» badiliko halidaiwi na sauti: ni desturi ya maandishi ya Kihispania kutoandika z mbele ya e.

Vitenzi vya -er na -ir havimsumbui mwanafunzi kiasi hicho, kwa kuwa nafsi ya kwanza ya hali ya kuarifu imekwisha kufanya marekebisho yanayotakiwa: «vencer» (kushinda) hutoa «venzo», na kutoka hapo «venza», «proteger» (kulinda) hutoa «protejo», kisha «proteja», «distinguir» (kutofautisha) hutoa «distingo», kisha «distinga». Hapa faida ya kuanzia kwenye «yo» badala ya kitenzijina inaonekana wazi. Faida hiyo huendelea hata nje ya vitenzi vya kawaida: anayejua «tengo» (nina) atapata «tenga» bila kufundishwa upya.

4. Matumizi

4.1. Pale Kiswahili na Kihispania vinapoafikiana

Kishazi kikuu kinapoeleza matakwa, agizo, ombi, ulazima au kusudi, na mtendaji wa kishazi tegemezi ni mtu mwingine, lugha zote mbili hutumia hali tegemezi:

Quiero que comas. «Nataka ule.»
Es necesario que hablemos. «Ni lazima tuseme.»
Es mejor que viva aquí. «Afadhali aishi hapa.»
Escribo para que leas. «Naandika ili usome.»

Mtendaji akiwa mmoja, lugha zote mbili hurudi kwenye kitenzijina: «quiero comer», «nataka kula».

Mpaka hapa Kifaransa nacho kinakubaliana nasi, angalau kwa kanuni. Lakini yako mahali ambapo Kihispania huachana na ndugu yake na kuandamana na Kiswahili. Pa kwanza ni katazo. Kiswahili husema «sema!», lakini hakisemi *«sisema!», husema «usiseme!», kwa kiishio -e. Kihispania husema «¡habla!», lakini katika katazo husema «¡no hables!», kwa hali tegemezi. Kifaransa hubaki katika hali ya kuamuru pande zote mbili: «parle!», «ne parle pas!». Pa pili ni himizo la nafsi ya kwanza wingi: «tuseme» ni «hablemos», hali tegemezi mbele ya hali tegemezi, ilhali «parlons» ya Kifaransa haitofautiani na hali ya kuarifu ila kwa kukosa «nous». Pa tatu ni agizo la heshima. Anayemwambia mkubwa wake «useme, mzee» badala ya «sema» amefanya kile afanyacho Mhispania anapoacha «habla» na kuchagua «hable usted».

Katika mambo hayo matatu, mwanafunzi anayepitia Kifaransa hulazimika kukariri kanuni. Anayepitia Kiswahili huitambua tu.

4.2. Pale Kihispania kinapokwenda mbali zaidi

Kihispania hutumia hali tegemezi hata mahali ambapo Kiswahili huridhika na hali ya kuarifu. Mahali pakuu ni haya manne:

a) Baada ya shaka au kukanusha imani: «No creo que hable swahili», «Siamini kwamba anasema Kiswahili».

b) Baada ya furaha, huzuni, hofu na mshangao: «Me alegro de que vivas aquí», «Nafurahi kwamba unaishi hapa».

c) Baada ya maneno ya wakati, iwapo tendo halijatokea bado: «Cuando llegues, comeremos», «Utakapofika, tutakula». Kifaransa hapa hutumia wakati ujao, «quand tu arriveras», nacho humpotosha mwanafunzi vilevile.

d) Katika kishazi cha kurejesha, iwapo mtu anayetajwa hajulikani kama yupo: «Busco un médico que hable swahili», «Natafuta daktari anayesema Kiswahili», yaani daktari yeyote wa namna hiyo. Nikisema «Busco a un médico que habla swahili», ninamtafuta mtu fulani ninayemfahamu.

Wazo linalounganisha matumizi hayo yote ni moja: msemaji hathibitishi kwamba tendo limetokea au linatokea. Analitaka, analitilia shaka, analingoja, au analipima kwa moyo wake. Kiswahili kimeiweka -e yake kwa yale yanayotakiwa. Kihispania kimelipanua eneo hilo mpaka kwa yale yasiyothibitishwa kwa jumla.

Kihispania kina pia neno dogo linalodai hali tegemezi daima: «ojalá», lenye asili katika Kiarabu cha Andalusia, katika maneno yenye maana ya «Mungu akipenda». Msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake imepokea «inshallah» kutoka Kiarabu vilevile, hatashangaa kusikia «Ojalá lleguen hoy»: «Mungu akipenda, wafike leo». Tena neno «¡viva!», ambalo makutano ya watu hulipaza katika nchi nyingi, si jingine ila nafsi ya tatu umoja, hali tegemezi, ya kitenzi «vivir»: «na aishi!»

5. Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni hatari kuliko wote, kwa sababu huwanasa hasa wale wanaojua Kiswahili vizuri. Mwanafunzi akisha kuambiwa kwamba -e ya Kiswahili inafanana na -e ya «hable», huelekea kuamini kwamba -e ndiyo alama ya hali tegemezi katika vitenzi vyote. Basi, akitaka kusema «nasisitiza ale», anaandika «insisto en que come». Sikio lake linaridhika, maana «come» inaishia kama «ale». Lakini alichosema ni «nasisitiza kwamba anakula». Alitaka kuagiza, ametoa ushahidi. Alipaswa kusema «insisto en que coma». Dawa yake ni ile tuliyoitaja katika sehemu ya kwanza: asiulize «Je, kuna -e?», bali aulize «Je, irabu imehama?»

Kiswahili chenyewe humsaidia kukubali jambo hilo. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havipokei -e: twasema «arudi», «ajibu», «asafiri», «aishi». Humo hali tegemezi hutambulikana kwa kukosekana kwa kiambishi cha wakati: «anarudi» ni habari, «arudi» ni takwa. Kwa hiyo hata kwetu -e si alama pekee. Linalotambulisha ni tofauti na umbo lililotazamiwa.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kila -e ya Kiswahili hudai hali tegemezi katika Kihispania. Mara nyingi ni hivyo, lakini si daima. Amri yenye kiambishi cha mtendwa huchukua -e katika Kiswahili, «kifungue!», ilhali Kihispania hubaki na hali ya kuamuru, «¡ábrelo!». Swali la kuomba ruhusa, «Nifungue dirisha?», ni «¿Abro la ventana?», hali ya kuarifu. Na vitenzi viwili vinavyofuatana, kama «njoo usome», huwa «ven a leer», kwa kitenzijina.

6. Pendekezo kwa walimu

Kutokana na hayo tunapendekeza utaratibu wa hatua tatu darasani. Kwanza, sentensi isemwe kwa Kiswahili kabla ya kutafsiriwa, na mwanafunzi aonyeshe kama kitenzi cha pili ni cha kutakiwa au cha kuarifiwa. Pili, ataje nafsi ya kwanza ya kitenzi cha Kihispania na kuondoa -o. Tatu, ahamishe irabu, kisha achunguze tahajia. Jozi kama «dice que llegan» na «dice que lleguen», «insisto en que come» na «insisto en que coma», zirudiwe kwa sauti mpaka sikio lizoee. Matumizi manne ya sehemu ya 4.2 yafundishwe baadaye, moja baada ya jingine, kwa kuwa hapo Kiswahili hakiwezi tena kuongoza. Huko lazima mwanafunzi ajifunze kukisikiliza Kihispania chenyewe.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba vitenzi vya kawaida vya Kihispania huunda hali tegemezi kwa kubadilishana irabu, kwamba mabadilishano hayo ni urithi wa Kilatini ambao Kifaransa kimeupoteza kwa sehemu kubwa, na kwamba msemaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kuyafikia, ilimradi asiichukue -e yake kama ufunguo wa kila kufuli.

Mara nyingi husemwa kwamba lugha zetu hufaa kwa mazungumzo ya nyumbani, na kwamba ili kujifunza lugha ya Ulaya hatuna budi kupitia lugha nyingine ya Ulaya. Mfano huu mdogo unaonyesha kinyume. Sarufi ya Kiswahili inaweza kuieleza sarufi ya Kihispania, na mahali pengine huieleza vizuri kuliko jirani yake wa karibu. Kazi iliyobaki ni yetu walimu na wanafunzi: kuendelea kulinganisha lugha hizo, sura baada ya sura, kwa kutumia lugha tuliyo nayo vinywani mwetu.